Uta wa Nyundo

Haya yalimpata rafiki yangu Kambi, mchonga nyuta wa Vitengeni, na ndiyo maana siku hizi hampi mtu mkono wa kulia. Alitaka kushinda mashindano ya kurusha mshale mbali kule Bofa, lakini kila uta aliouchonga ulikuwa mzito kuvuta, mvivu kurusha. Basi akautwaa uta wa baba yake mdogo, Nyundo, aliyekutwa shambani amekatwakatwa kwa panga, wala muuaji hakujulikana. Ada ya kwao, uta wa marehemu hukatwa ugwe, ile kamba yake ya kuvutia, kabla ya matanga kwisha. Huu haukukatwa.

“Ukate, mwanangu,” Hannah, mjane wa Nyundo, alimsihi. “Mwenyewe bado anaudai.”

“Nikishinda nitaukata, mama. Au naye anakwenda Bofa?”

Jua likizama alisimama uani, akauvuta. Ugwe ukalia ng'weee. Alipotaka kuachia, vidole havikufunguka. Ugwe ukakaza, ukapasua ngozi, ukapasua nyama, ukaanza kukereza mfupa. Kambi akapiga ukelele. Hannah alikuja mbio na panga, akaukata ugwe kwa pigo moja, na vidole viwili vikaenda nao.

Giza likatanda. Hakikusikika kitu ila damu ikidondoka mchangani, to, to, to. Kisha wakasikia mti wa uta ukilia.

Uta ulikuwa chini, hauna ugwe, haukushikwa na mtu. Ulikuwa ukijipinda, taratibu, kama unaovutwa, umemwelekea Hannah na panga lake mkononi.