Fimbo ya Mpingo Kutoka Mbekenyera

Jua lilikuwa linazama niliposhuka kwenye bodaboda pale Mbekenyera. Nilikuwa nimekuja kuchagua fimbo ya gofu. Basi, hilo tu.

Mume wangu, Dastani, ndiye aliyenitia kwenye mchezo ule. Kila Jumamosi tulitoka Ruangwa kwenda Nachingwea, kwenye kiwanja cha zamani ambacho mashimo yake yamezungukwa na mchanga badala ya nyasi. Kupiga mbali niliweza. Lakini nikikaribia shimo, mpira unapita pembeni. Dastani alinichunguza muda mrefu, hata akawa anairekodi mikono yangu kwa simu. Mwisho akasema fimbo yangu nyembamba hainifai. Mkono wangu unakwenda na kurudi kwenye mstari mmoja, kwa hiyo nahitaji fimbo ya kusukumia yenye kichwa kipana kama nyundo. Akanielekeza kwa Mzee Ausi, mchongaji wa mpingo. Alisema hata marehemu mke wake wa kwanza, Agape, alichongewa pale.

Nikaona amenipa heshima.

Nyumba ya mzee ilikuwa peke yake, nyuma ya mikorosho. Ndani kulinukia mpingo mbichi... na kitu kingine. Udongo. Kama wa shimo lililochimbwa sasa hivi.

Uani mtu alikuwa anafagia.

Shwaa... shwaa... shwaa...

Hapumziki.

Mzee Ausi aliitikia shikamoo yangu bila kunitazama usoni. Alitazama mikono. Akachukua fimbo moja, akailaza juu ya kidole chake, na ncha ya kichwa ikaning'inia chini. Akaeleza kwamba hiyo ni ya mkono unaopinda kama mundu. Nilipotaka kuishika, akaiondoa.

"Hii ina mwenyewe," alinong'ona.

Akalaza nyingine. Kichwa chake kipana kilitulia tuli, uso wake wa kupigia ukitazama dari. Akaweka mpira sakafuni, akaniambia nisukume.

Nikasukuma. Mpira ukaenda moja kwa moja, ukagonga ukuta pale pale nilipolenga. Nikarudia, vilevile. Mikono ikawa myepesi, kama vile si mimi ninayeibeba. Nikataka kuacha.

Haikuacha.

Kwenda... kurudi...

Kwenda... kurudi...

Na kule uani, ufagio ulikuwa unakwenda sawasawa na mikono yangu.

"Sema kama imekufaa," mzee alinong'ona. "Ukishasema, yamekwisha."

Mlango wa uani ulikuwa wazi. Nikamwona anayefagia. Mwanamke, kanga yake imepauka, midomo imekauka. Picha yake ilikuwa ukutani sebuleni kwangu tangu nilipoolewa.

Agape.

Alinitazama. Akafungua kinywa, sauti haikutoka. Kisha akatikisa kichwa, taratibu sana, akainama kufagia tena.

Ulimi wangu ulikuwa mzito kama jiwe.

"Haijanifaa," nikasema.

Fimbo ikaanguka. Mikono ikanirudia. Mzee Ausi aliiokota fimbo ile, akaifuta vumbi kwa kiganja, bila hasira.

"Umesema uongo, mwanangu. Lakini ndivyo ulivyosema. Nenda."

Nilikimbia hadi barabarani. Njia nzima, nyuma ya bodaboda, nilimwonea huruma mume wangu. Nilikuwa napanga maneno ya kumwambia kwamba Agape hakufa, kwamba yeye mwenyewe alidanganywa, kwamba tutamtafutia watu wa dua twende tukamtoe. Nilimpenda Dastani kuliko siku zote.

Nyumbani nilikuta turubai limefungwa. Mikeka imetandikwa. Wanawake wanalia.

Wanalia jina langu.

Jirani yangu Tunu aliponiona, upawa ulimtoka mkononi. Alinishika mabega, akanipapasa uso, akanivuta kando. Akaniambia wamepewa taarifa ya msiba tangu alasiri, kwamba nimegongwa na lori, na mwili utaletwa asubuhi.

"Nani aliwaambia?"

"Mumeo, Auleria. Nani mwingine?"

Alasiri nilikuwa bado nyumbani, sijatoka. Dastani alikuwa amepiga magoti mbele yangu, ananifunga kamba za viatu.

Watu wakanizunguka, wakamshukuru Mungu. Wanaume wakampisha Dastani apite. Macho yake yalikuwa mekundu kweli. Akanikumbatia mbele ya wote, akanibana hadi nikakosa pumzi, na midomo yake ikagusa sikio langu.

"Sasa Mzee Ausi nitampa nani?"

Kisha akanishika mkono, akanikalisha mkekani, akaomba niletewe chakula kwa kuwa nimechoka na safari. Hakuna aliyeuliza ule mwili wa kesho ni wa nani. Nikapewa sahani ya wali wa msiba wangu mwenyewe. Nikala, kwa sababu wote walikuwa wananitazama, na yeye alikuwa ameketi ubavuni pangu, ananipangusa jasho.