Joto Lile Halikuwa la Jua

"Chethan, ulijua?"

Kantini ya taasisi yao ya utafiti, mjini Bengaluru, ilikuwa imejaa watu wa chakula cha mchana, lakini Vaidehi hakujali nani anasikia.

"Nilijua nini?" Chethan aliweka kikombe cha kahawa mezani.

"Usinichoshe. Nimeshachoka."

Kwa miaka mingi Vaidehi alikuwa akiiga kwenye kompyuta jinsi mawimbi yanavyopanda katika anga la Jua lenye usumaku. Hesabu zilionyesha mawimbi yakiacha joto jingi huko juu, na tasnifu yake yote ilisimama hapo. Asubuhi hiyo aligundua kwamba mawimbi hayakuwa yakitoka nje. Yaligonga mpaka wa juu wa eneo alilolichora, yakarudi chini, yakagongana. Karibu joto lote lilitokana na kosa hilo.

Sehemu ya programu inayosimamia mpaka huo aliiandika Chethan, mchumba wake.

"Niliona kabla ya sikukuu ya Diwali," Chethan alisema chinichini.

"Ukanyamaza?"

"Baba yako alisema hakuna harusi mpaka uwasilishe tasnifu. Nikaona tuoane kwanza, halafu nitakwambia."

"Kwa hiyo ungeniacha nisimame mbele ya watahini, nitetee uongo?"

Kwenye simu ya Vaidehi ukaingia ujumbe kutoka kwa mama yake:

"Mwanangu, fundi anauliza vipimo vya blauzi ya harusi. Mbona kimya?"

Akamsukumia Chethan simu. "Mjibu wewe."

Chethan hakuandika. Alimpigia mama yake Vaidehi.

"Amma, ni mimi, Chethan. Harusi itabidi isubiri... Hapana, Vaidehi hana kosa. Nilimficha kosa langu, nimemharibia kazi... Ndiyo, Amma. Nigombeze tu, nasikiliza."

Watu wa meza ya jirani waliacha kula. Alipokata simu, macho ya Chethan yalikuwa mekundu.

"Baba yako ananitaka Jumapili."

"Atakumaliza."

"Najua."

Vaidehi aliinuka aondoke, kisha akaketi tena.

"Bado nakupenda," alisema. "Na hilo ndilo linalonichosha zaidi."

"Nifanye nini?"

"Twende ukanionyeshe kila mstari ulioandika. Ukinificha kitu tena, sitakuuliza. Nitaondoka tu."

Walianza upya. Joto la kweli lilitoka dogo, watahini wakalikubali.

Harusi ilifanyika mwaka uliofuata, alfajiri. Kuhani akiwa bado anasoma sala, bibi harusi akaanza kusinzia. Chethan akamsogezea bega.

"Lala kidogo," alimnong'oneza. "Zamu yetu ikifika nitakuamsha."