Alto Yenye Nguvu Sifuri

"Umenizima, Ambindwile!"

"Sekela, nisikilize kwanza..."

"Nimeusikiliza huo wimbo wako mpaka sikio linauma! Soprano ya Lilian ipo. Teno ipo. Besi, hata wale wazee wanaounguruma kama mashine ya kusaga, wapo. Alto iko wapi? Mimi niko wapi?"

Simu ilikuwa sikioni, lakini Sekela alipaza sauti kiasi kwamba wagonjwa waliokaa kwenye benchi la zahanati waliacha kukohoa ili wasipitwe na neno.

Sekela ni muuguzi hapa Makandana, na ndiye kiongozi wa alto katika kwaya yetu. Ambindwile, kijana wa Ikuti, ndiye mwalimu wa kwaya. Anatunga kwenye kompyuta: anaandika nota, programu inaupiga wimbo kwa sauti ya kinanda, kisha anaturushia kwenye simu tujifunze kabla ya mazoezi. Programu hiyo inamruhusu kuipa kila nota nguvu yake, kuanzia sifuri, ambapo husikii kitu, hadi mia moja ishirini na saba, ambapo mbwa wanaanza kubweka. Nani aliona mia haitoshi, usiniulize. Mimi naimba besi tu.

Hawa wawili walikuwa wanapendana, na kwaya nzima tulijua. Tatizo, Ambindwile hajawahi kufungua mdomo mbele ya wazazi. Ndipo Nelson, afisa mmoja aliyehamia Tukuyu, akatuma watu kwa mama yake Sekela. Wangerudi kuchukua jibu Jumapili. Sekela akawa anamngoja Ambindwile aseme neno. Badala ya neno, akaletewa wimbo ambao sauti yake imetiwa sifuri, nota kwa nota.

"Ungekuwa mwanaume ungesema hunitaki," akamwambia. "Kuliko kunifuta."

"Sijakufuta. Njoo kesho uimbe juu yake."

"Niimbe nini hapo? Kesho nakuja kuaga."

Akakata simu. Meseji ikaingia:

"Pale pako wazi kwa ajili yako. Imba mara moja tu. Usipoelewa, mkubalie Nelson."

Naye akajibu:

"Nakuja kurudisha sare."

Jumamosi mchana mvua ilikuwa inalipiga bati la kanisa kama inalidai. Sekela akaingia na sare ya kwaya kaikunja kwapani. Wa kwanza kumpokea alikuwa Lilian.

"Afadhali umefika, dada. Mwulize huyo bwana wako kwa nini amenibania. Kila nikifika kwenye nota tamu, kinanda kinanywea! Nimefanywa mwangwi."

"Wewe angalau upo."

"Nipo kama harufu ya chakula cha jirani!"

Ambindwile alichomeka spika, akamtazama Sekela.

"Imba. Palepale unapoingiaga."

Sekela alifungua mdomo kwa hasira. Nadhani alitaka kuuharibu huo wimbo. Hakuweza.

Jamani, nimeishi, nimesikia mengi, lakini lile sikuwa nimelisikia. Sekela ana tabia ya kuvuta pumzi kabla mstari haujaisha. Walimu wote wamemkemea. Alipovuta, soprano ikashuka, ikamngoja. Sauti yake ilipopanda na kuwa nyembamba, besi ikainuka chini yake kama mtu anayeshikilia ngazi. Alipolikandamiza neno analolipenda, teno ikampisha kama mtu mlangoni. Hasira ikamtoka, akaanza kuimba taratibu, na kinanda nacho kikapungua naye. Kompyuta ile, isiyomjua hata aliyeinunua, ilikuwa inamjua Sekela.

Lilian akajifunika mdomo. Mvua ya Tukuyu, ambayo haijawahi kumheshimu hata askofu, ikasimama. Ng'ombe wa jirani akaacha kucheua. Anayebisha aje tukamwulize ng'ombe.

Nota ya mwisho ilififia mpaka hatukujua imekwisha saa ngapi.

"Kyala!" Sekela akanong'ona, kama anaongea na Mungu mwenyewe. "Ulijuaje napumua wapi?"

"Nasimama mbele yako kila wiki. Ningeachaje kujua?"

"Umepanga kila nota?"

"Kila nota. Kwanza nilijaribu kuitengeneza alto nayo. Nikaongeza nguvu, nikapunguza, nikaongeza tena. Kila mara anatoka mtu mwingine. Nikaona aibu kumkalisha mtu mwingine mahali pako. Nikatia sifuri, halafu hizi sauti nyingine nikazipanga zikungoje wewe."

"Kumbe ndiyo maana mimi nikaminywa!" Lilian alisema huku anafuta macho. "Haya, nimesamehe. Ila roho bado haijatulia."

Sekela alilia, akapenga kamasi, kisha akarudi kuwa muuguzi.

"Ambindwile, sijawahi kupewa kitu kama hiki. Ila mama yangu hana kompyuta."

Akapiga simu palepale, akaweka sauti ya nje.

"Mama, watu wa Nelson waambie wasije kesho."

"Unasemaje? Nimeshakata mkungu wa ndizi!"

"Zipike tu. Kuna wengine wanakuja."

"Akina nani?"

Sekela akamkabidhi simu Ambindwile. Mtu aliyeamuru kinanda kizima sasa kaishika simu juu chini.

"Shikamoo, mama. Ni Ambindwile... wa Ikuti... mimi nilikuwa..."

"Marahaba. Sikusikii, baba. Mbona unaongea kama mgonjwa?"

Sisi wa besi tukamsukuma mgongoni, wote kwa pamoja.

"NAMPENDA SEKELA, MAMA! NAOMBA KUMUOA!"

Mpaka kule mtaa wa Kawetele walisikia. Nimeambiwa kuna mtu huko shambani alijibu, "Sawa!"

Kwaya nzima tukashika pumzi, Sekela kamng'ang'ania Lilian mkono.

"Ndaga fijo," mama akashukuru, taratibu. "Mwaka wa pili huu naingoja hiyo sauti. Njoo na wazee wako, baba. Na mje na njaa."