Mikono Isiyolowa

Pandelis alitaka chupa moja tu ya mwisho. Mama yake kule kisiwani Naxos alikuwa amemwagiza mvinyo mtamu, ule wa zabibu zilizoanikwa juani, na kwa Pandelis agizo la mama lilikuwa sheria. Saa kumi na mbili ilishapita. Feri ya kurudi ingeondoka saa moja na nusu.

"Tununue bandarini," mkewe Kaliroi alisema.

"Bandarini wanawauzia watalii. Mimi mtalii?"

Kichwani alikuwa na kofia ya majani aliyouziwa asubuhi pamoja na watalii hao hao. Siku nyingine Kaliroi angemcheka mpaka basi.

Siku yenyewe ilikuwa nzuri, asiseme uongo. Pandelis, mwuza viazi asiyeachana na lori lake hata sikukuu, alikuwa amefunga kazi kwa ajili ya mwaka mmoja wa ndoa yao. Alikodi kigari, akamzungusha mkewe kisiwa kizima cha Santorini, kwenye nyumba hii ya mvinyo na ile. Walionja, wakala bajia za nyanya na pweza wa kuchoma, wakabishana kama mvinyo mweupe una chumvi ya bahari au ni ulimi wa Pandelis tu. Lakini Kaliroi hakutulia. Kila walipoketi aliupa ukuta mgongo. Miwani myeusi hakuivua, na kitambaa alikivuta mpaka kwenye nyusi.

Hapa ndipo alipokuwa mke wa Markos.

Markos alikufa miaka minne iliyopita, wakati wa mavuno. Aliingia kwenye birika la kuchachushia zabibu, mvuke wake ukamkaba, akatolewa amekwisha. Na desturi kila mtu aliijua. Baada ya miaka mitatu maiti hufukuliwa, mifupa ikaoshwa kwa mvinyo na mkono wa mke au jamaa yake, ikawekwa sandukuni, marehemu akapumzika. Mama yake Pandelis alikataa katakata mwanawe kuoa mwanamke ambaye mumewe bado yuko udongoni. Basi Kaliroi akaaga kama anayekwenda Santorini, akaenda kukaa siku mbili kwa dada yake kisiwa cha Paros, akarudi na kusema, "Nimeshamuosha." Aliogopa, hakuna lingine. Hakutaka kuiona sura ile mara ya pili. Harusi ikafungwa Jumapili iliyofuata, na ndoa nzima ikasimama juu ya neno hilo moja. Pandelis akijua ni uongo, yatakwisha. Hilo ndilo lililokuwa likimla tangu waliposhuka kwenye feri.

Pandelis alikata kona. Kaliroi aliijua njia ile hata kabla ya kuliona shamba la Markos.

"Geuza," alinong'ona.

"Kuna mtu pale. Namuuliza tu, dakika mbili."

Mizabibu ya huko haisimami. Husukwa kwa duara juu ya ardhi, kila mmoja kikapu chake, zabibu zikalala ndani upepo usizikaushe. Katikati ya shamba mwanamume alikuwa amechuchumaa, kawapa mgongo, anasuka. Vidole vyake vilikwenda haraka. Pandelis, mtu wa viazi, hakuona ajabu yoyote. Kaliroi aliiona. Mizabibu husukwa Januari, matawi yakiwa matupu. Hakuna mwenye akili anayeisuka Septemba, majani yamejaa. Hilo alifundishwa na Markos.

Pandelis alishuka akipiga mluzi. Alisema kitu, yule mtu akainuka. Hakugeuka. Alitangulia mpaka kwenye mlango wa pango la mvinyo, ule mlango wa bluu uliochongwa mwambani, akainama, akapotelea ndani.

Pandelis akamfuata.

Kaliroi alitaka kupiga honi. Hakuwahi. Upepo uliotingisha gari tangu asubuhi ulikatika ghafla, na kwenye dirisha kukapenya harufu... Zabibu zinazochacha. Na chini ya harufu hiyo, udongo mbichi.

Ngo. Ngo. Ngo.

Aliruka. Kioo cha upande wa pili kilikuwa kikigongwa na kibibi aliyevaa nyeusi tupu, kikapu mkononi. Anezo. Mama yake Markos.

"Hata ukijifunika gunia ningekujua, mwanangu," Anezo alisema. Hakuonekana kukasirika, alionekana kuchoka. Alisema yuko njiani kwenda makaburini, kama kila jioni, na ndani ya kikapu alikuwa na chupa ya mvinyo mwekundu.

Kaliroi alifungua mlango. Alitaka kuomba radhi lakini kilichomtoka kilikuwa kingine. "Mama, nani siku hizi anafanya kazi kwenye pango?"

"Hakuna. Nililifunga kwa kufuli siku tuliyomtoa Markos birikani. Ufunguo huu hapa shingoni."

Mlango wa bluu ulikuwa wazi. Wote wawili waliutazama.

Anezo akamshika mkono, akaanza kunong'ona. Mwaka jana walimsubiri Kaliroi mpaka padri akachoka. Wakafukua bila yeye. Hawakukuta mifupa. Walimkuta Markos vile vile walivyomzika, mzima, nywele zake, kucha zake. Mama mtu akammwagia mvinyo kwa mkono wake mwenyewe.

"Hakulowa, Kaliroi. Chupa tatu. Zote zilipotea kama maji kwenye mchanga, na ngozi ikabaki kavu. Tukamrudishia udongo. Kila jioni nampelekea, nikidhani labda leo atakubali. Kumbe alikuwa anakungoja wewe."

"Mume wangu yumo mle ndani," Kaliroi alisema.

Anezo alitoa chupa kikapuni, akamwekea mkononi.

Kaliroi alikimbia. Alijikwaa kwenye vile vikapu vya mizabibu, akaanguka, akainuka goti linavuja damu, chupa ameikumbatia. Mlangoni alisimama. Ndani kulikuwa na baridi na giza, na taa moja ya mafuta. Alimsikia Pandelis akicheka.

"Mjomba, hii chupa ya pili sasa. Inakwenda wapi? Nifundishe, nikawatapeli watu Naxos."

Yule mtu alikuwa ameketi ukingoni mwa birika, uso gizani, mikono mbele. Pandelis alikuwa akimmiminia mvinyo. Ulitoka kwenye chupa, ukagusa viganja... na haukuonekana tena. Hata tone halikufika sakafuni. Na mikono ile Kaliroi aliijua. Kovu la kisu cha kupogolea, kidole gumba cha kushoto. Yeye ndiye aliyelifunga lile jeraha siku lilipotokea.

"Karibu," Pandelis alisema. "Mzee anatupa mvinyo bure, anataka tu kuoshwa mikono baada ya kazi. Ila anasema mimi siwezi. Eti hii ni kazi ya mke."

"Toka nje, Pandelis."

"Kuna nini?"

"Huyu ni Markos." Sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu mwingine. "Sikumuosha. Nilikwenda Paros kwa dada yangu. Nilikudanganya, wewe na mama yako. Sasa toka, nakuomba."

Tabasamu la Pandelis lilichelewa kuondoka. Alimtazama mkewe, akaitazama ile mikono, na safari hii akaiona. Chupa ilimponyoka. Alirudi kinyumenyume mpaka mlangoni, na nyayo zake zikasikika zikikimbia.

Wakabaki wawili.

Kaliroi alipiga magoti. Akamimina.

Mvinyo ulitiririka.

Uliteleza juu ya vidole, ukachuruzika, ukadondoka chini. To. To. To. Mikono ililowa. Alimuosha kidole kwa kidole, na alipofika kwenye kovu machozi yalimtoka, kwa sababu aliwahi kumpenda, na kumbe hofu ilikuwa imemsahaulisha hata hilo. Chini ya viganja vyake nyama ililegea, ikateleza. Hakutazama. Aliendelea kumimina mpaka alichokuwa ameshika kikawa kigumu, chembamba na safi.

Ndipo sauti ikamjia sikioni. Ya upole. Ile ile.

"Na huyu wa pili... utamuosha?"

Alikuwa tayari kusema lolote atoke mle ndani. Na alikuwa amechoka na uongo.

"Nitamuosha," alisema.

"Usichelewe kama kwangu."

Taa ikazimika.

Walipanda feri dakika ya mwisho. Walipoacha bandari Pandelis alisema amekasirika, na atakasirika labda mpaka Krismasi, na mama yake hatamwambia. Akavua koti, akamfunika mkewe mabegani. Kaliroi alilia njia nzima, na Pandelis alidhani ni furaha ya kusamehewa.

Asubuhi Anezo alipiga simu. Walifukua alfajiri, padri na wanaume wawili. Wamekuta mifupa mitupu, myeupe, inanukia mvinyo. Marehemu amepumzika, alisema, na akambariki.

Kuhusu yale maneno ya mwisho ya Markos, Kaliroi hajamwambia mtu. Pandelis ana miaka thelathini na minne. Hajawahi kuumwa hata jino. Kila alfajiri anapakia viazi, anapiga honi mara mbili ya kuaga, na lori linateremka mlima. Kaliroi husimama dirishani akilisikiliza mpaka mlio unapotea, na hata ukishapotea haondoki, kwa sababu muoshaji ni yule anayebaki hai, na yeye aliulizwa, na alijibu, na safari hii alisema kweli.