Tumrudishe Emil?

Kisa hiki nilikipata jikoni kwa Lavonne Hruska, huku mwenyewe anaukanda unga wa kolachi, vile vimkate vitamu vya jamu, kwa ngumi kana kwamba umemtukania mama. Nimeishi na watu wa vilima hivi vya Nebraska muda mrefu, na najua mwanamke wa huku akikanda hivyo, unafunga mdomo na kusikiliza. Pembeni ya meza alikaa Galen, mdogo wake, na glavu kwenye mkono wa kulia. Nje jua la Agosti lilikuwa linachoma. Sikuuliza habari ya glavu.

Siku yenyewe, alisema Lavonne, ilikuwa ya kawaida kabisa. Asubuhi ya Julai, majani yamekwisha kukatwa, ng'ombe wamezunguka birika la maji, na kinu cha upepo kinapandisha maji taratibu. Yeye alikuwa anapakia matofali ya chumvi ya mifugo kwenye pikapu aliyoachiwa na marehemu baba yao, mzee Emil. Galen akaingia uani na pikapu yake mpya, inang'aa mpaka inaumiza macho, akaomba kahawa.

Jambo lililokuwa linamkera Lavonne wiki hiyo ni redio. Ile pikapu ya mzee ilikuwa na redio ya setilaiti, ile ya kulipia. Kutoka getini kwake mpaka mjini ni zaidi ya saa nzima, na redio ya kawaida huko vilimani haishiki kitu ila mikwaruzo. Ya setilaiti inashika popote penye mbingu wazi: taarifa, nyimbo, bei za ng'ombe, hali ya hewa. Alipie au asilipie? Hakuwa amekata shauri.

"Kulipia redio!" Galen alisema, akijimiminia kahawa. "Dada, hii ni hewa ya Mungu. Leo unalipia redio, kesho utaletewa bili ya upepo."

"Baba alikuwa analipia."

"Na mimi nikamkatia. Mtu mzima ovyo, anaongea na redio kuliko na watu!"

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Galen ndiye aliyekuwa anashughulikia malipo ya mzee, na msimu wa mavuno akaikata ile redio bila hata kumwuliza. Wakagombana kipupwe kizima. Mzee anapiga simu asubuhi, anapiga jioni, neno ni lile lile: nirudishie redio yangu. Kisha ikaja Februari. Tufani ya theluji ilitangazwa tangu alfajiri kwenye kila redio ya setilaiti, lakini si kwenye redio ya Emil, maana yake ilikuwa bubu. Akaenda kulisha ndama kwenye bonde la mbali. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza: theluji ikamfunikia njia, magurudumu yakazama, mafuta yakamwishia.

Tufani ilipotulia, Galen ndiye aliyempata. Mzee alikuwa amekaa wima kwenye kiti, mkono uko kwenye kitufe cha redio. Simu yake haikuonekana, si garini, si kwenye theluji.

Lavonne alikuwa Omaha wakati huo, kwa binti yake aliyejifungua. Galen alikuwa nyumbani, karibu na bonde, na trekta kubwa ghalani. Kwa hiyo swali la Lavonne lilikuwa moja tu, na aliliuliza mazikoni, akaliuliza Pasaka, akaliuliza tena asubuhi ile: "Baba alikupigia?"

"Hakupiga. Nikuapie mara ngapi?"

Lavonne hakumwamini. Wala hakuwa na la kumshikia.

Simu ikalia kwenye mfuko wa aproni. Walikuwa watu wa kampuni ya ile redio ya mzee, hupiga kila mara. Sauti ya kijana, laini, yenye adabu.

"Habari za asubuhi. Tunamtafuta Bwana Emil Hruska. Tumemkumbuka sana. Tungependa arudi kwetu."

"Amekufa," Lavonne alisema. "Nimeshawaambia. Mnataka afe mara ngapi ndiyo muandike?"

"Oo. Pole sana kwa msiba, mama. Je, ungependa tumrudishe?"

Galen alikuwa amesikia. Akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani. "Waambie akirudi aje na koleo la theluji!"

Lavonne akamtazama. Akamtazama yule mtu aliyenyonya naye titi moja, anacheka. Hasira ikampanda mpaka masikio yakawaka moto.

"Mrudisheni," alisema kwenye simu. "Tena leo hii hii."

"Vizuri sana, mama. Na kuna ofa: gari la pili la familia ni bure. Lipo?"

"Lipo! Jipya kabisa, hili hapa mbele yangu. La mwanawe, Galen."

"We dada, usinitie mimi kwenye—"

"Nyamaza! Si wewe unapenda vya bure?" Akarudi kwenye simu. "Mtataka namba za redio?"

"Ya baba yako tunayo. Hiyo nyingine haina haja, mama. Tunaiona."

Kisha kijana akatoa maelekezo. Gari lipelekwe mahali pa wazi, mbingu yote ionekane. Injini isizimwe. Redio iwekwe stesheni sifuri. Halafu kungoja.

"Ningoje nini?"

"Akifika utamsikia."

Lavonne akadhani kijana ameteleza ulimi. Alitaka kusema mawimbi, yakifika. Alipogeuka, Galen hakuwa anacheka tena. Aliacha kikombe nusu, akapanda gari lake, akaondoka bila kuaga.

Lavonne akaenda na chumvi yake mpaka malishoni. Palikuwa wazi kweli kweli, mbingu kila upande, hakuna wingu. Akaacha injini inaunguruma, akaweka stesheni sifuri. Stesheni hiyo haina kitu. Huonyesha namba ya redio tu, basi, haijawahi kusema neno. Akaushusha mkono kwenye paja akangoja, huku anajilaumu kwa kununua kitu kwa hasira.

Panzi wakanyamaza.

Akatazama nje. Majani hayakutikisika. Lakini ndani ya spika upepo ulikuwa unavuma, kwa mbali, kisha karibu. Akashika kitufe apunguze sauti. Kitufe kilikuwa baridi. Akapumua, akaiona pumzi yake, nyeupe, mwezi wa Julai.

Kisha ikaanza kuita. Si simu yake. Ni mlio wa simu ndani ya redio, ule mlio unaousikia wewe unayepiga, unangoja upande wa pili wapokee. Ikaita. Ikaita. Mtu akakohoa. Kikohozi hicho alikijua tangu yuko mtoto.

"Galen," sauti ilinong'ona. "Pokea, mwanangu."

Ikaita.

"Si habari za redio, Galen. Pokea."

Lavonne hakupiga kelele. Hofu alikuwa nayo, asikudanganye mtu, lakini juu ya hofu ilikaa hasira, na hasira ndiyo iliyotia gia. "Alipiga!" alikuwa anasema peke yake garini, machozi yanamtoka, anapiga usukani. "Mwongo wewe! Alipiga!"

Alipofika juu ya kilima, akielekea kwa Galen, akaona kitu kinang'aa chini bondeni. Ni bonde lile lile. Galen hakuwahi kulikanyaga tangu mazishi, hata kwa ng'ombe wa huko alikuwa anamtuma mtu. Sasa pikapu yake mpya ilikuwa imesimama katikati, pale pale alipokufa mzee, kana kwamba imevutwa, injini inaunguruma, vioo vyote vyeupe. Lavonne akadhani ni vumbi. Akashuka, akakimbia, akagusa kioo.

Ilikuwa barafu. Kwa ndani.

Mlango ulimshinda mara ya kwanza. Mara ya pili ukaachia kwa kishindo, baridi ikatoka ikampiga usoni. Galen alikuwa amekaa wima kwenye kiti na shati lake la mikono mifupi. Kope nyeupe. Midomo ya bluu. Mkono wa kulia uko kwenye kitufe cha redio, umeganda hapo, hautoki. Na spika zinaita. Zinaita tu.

Akamvuta. Hakusogea. Akazungusha ufunguo wa gari, ukagoma. Akatoa simu, akawapigia wale watu.

"Futa!" alipiga kelele. "Futa yote, sasa hivi!"

"Tunasikitika kusikia hivyo, mama. Tunaweza kujua sababu?"

"Mdogo wangu anaganda!"

"Nakuelewa kabisa. Na tukikuongezea miezi mitatu ya bure?"

"Wewe mtoto una wazimu? Nimesema futa!"

"Tukikupunguzia nusu ya bei?"

Lavonne akamtukana matusi ambayo hata mimi hakunitajia. Kijana akasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu ile ile.

"Kufuta lazima aombe mwenye jina, mama. Nikuunganishe na Emil?"

Simu akaitupa majanini.

Midomo ya Galen ikafunguka. Sauti ilikuwa ndogo mno, ikabidi ainame. "Alipiga, dada."

"Najua."

"Niliona jina. Nikasema, ni redio tena." Akameza mate. "Nikaigeuza simu kifudifudi. Ikawa inatetemeka mezani. Nikala chakula."

Hapa Lavonne aliacha kukanda. Aliniambia waziwazi, na Galen yuko pale pale anasikia: "Nilishika mlango nikataka kuufunga. Kuufunga tu, nirudi zangu kwenye chumvi. Nisingejuta."

Hakuufunga. Damu ni damu, hata ikiwa na sumu. Akainama juu ya mapaja ya mdogo wake, akauweka mdomo karibu na redio.

"Haloo, baba," alisema. "Nimepokea. Ni mimi, Lavonne."

Mlio ukakatika. Upepo ukakatika.

"Lavonne," sauti ilisema polepole, ya mzee aliyechoka. "Nipe Galen."

Akamtazama Galen. "Sema naye."

Galen akatikisa kichwa.

"Mwambie neno moja, Galen! Moja! Anataka kukusikia tu!"

Galen akafumba macho, akabana meno, kama mtoto anayekataa dawa. Lavonne akasonya, akauzungusha ule ufunguo kwa nguvu zake zote, na safari hii injini ikazimika. Barafu ikaanza kudondoka kwenye vioo. Panzi wakarudi kuimba.

Daktari wa mjini alimkata vidole vitatu. Akauliza mtu anapataje kugandwa vidole na baridi mwezi wa saba, Galen akasema alijifungia kwenye chumba baridi cha nyama. Redio zote mbili zilitolewa, nyaya zikakatwa, vyuma vikatupwa shimoni. Lakini barafu ilipoyeyuka, chini ya kiti cha pikapu ile mpya, gari ambalo mwezi wa Februari lilikuwa bado halijanunuliwa, Lavonne alikuta simu ya baba yao. Imelowa, imekufa, haikubali chaji. Aliiweka kwenye droo ya vijiko.

"Hiyo hapo," aliniambia, akionyesha kwa kidevu, akarudia unga wake.

Nilitazama droo. Mbao zake zilikuwa zinatoka jasho, matone yanateremka mpaka sakafuni. Nikataka kuaga.

Ndipo simu ya Galen ikatetemeka mezani, kati ya sukari na vikombe. Nilikuwa karibu, nikaliona jina kwenye kioo. Liliandikwa Baba.

Hakuna aliyesogea. Ikatetemeka. Kijiko kikagonga kikombe, ti, ti, ti.

"Pokea," Lavonne alisema, bila kugeuka.

Galen alinyoosha mkono wenye glavu. Aliushusha juu ya simu taratibu, nikadhani anapokea, Wallahi nilidhani anapokea. Akaigeuza kifudifudi.

Ngumi za Lavonne zikasimama ndani ya unga. Alifungua mdomo kumtukana, na pumzi yake ikatoka nyeupe.