Namba ya Ndani ya Marehemu Reine

Mambo ambayo mashahidi wote waliafikiana ni haya. Reine, karani wa mapokezi katika ofisi moja ya mji wa Likasi, Kongo, inayosafirisha chokaa ya machimbo ya Kakontwe, alifariki kiangazi kilichopita kwa malaria. Jamaa zake hawakuwa wamefanya kupiana, yaani desturi ya kumkalisha mtu wa ukoo kwenye mkeka na kumpa jina la marehemu, ili roho ipate mahali pa kutua. Adrien Kitenge, meneja wa ofisi hiyo, alimwajiri mwanamke mwingine, Jaël, akampa kiti kile kile na simu ile ile. Na mteja wa kwanza alipouliza kama anazungumza na Reine, Jaël alijibu ndiyo.

Zaidi ya hapo kila dai lina mabishano, na sharti lipimwe peke yake.

Tuanze na simu zenyewe. Ofisi ilikuwa imeachana na simu za mkononi na kuweka mfumo wa simu unaopitia intaneti. Anayepiga hupokewa na sauti iliyorekodiwa, inayomwelekeza abonyeze moja kwa mapokezi au mbili kwa malori. Akikuta watu wanazungumza, huwekwa kwenye foleni na kusikilizishwa muziki. Mazungumzo yote hurekodiwa, na kila mfanyakazi ana namba yake ya ndani, ambayo wenzake huipiga na jina lake likatokea kwenye kioo. Namba ya ndani ya Reine ilikuwa 104. Hervé, fundi wa mfumo huo, alitaka kuifuta na kumfungulia Jaël namba mpya.

“Chef, ni kazi kidogo tu,” alimwambia Adrien. “Nafuta Reine, naandika Jaël.”

“Acha vile. Ba client balizobea Reine. Bakiuliza Reine, Jaël aitike. Jina itamukula?”

“Hata baniite gavana,” Jaël alisema. “Bora kazi.”

Wote watatu wanakiri kwamba walicheka.

Kasoro ya kwanza ilikuwa ndogo. Asubuhi moja simu ya Jaël ililia, na kioo chake kikaonyesha jina la anayepiga: Reine, 104. Namba ilikuwa ikijipigia yenyewe. Jaël aliinua mkono wa simu akasikia pumzi, kisha akanusa harufu ya dawa ya mochari, ile kali inayobaki kwenye nguo baada ya kwenda kuchukua maiti. Hervé alieleza kwamba Reine, alipokuwa mgonjwa, alikuwa ameagiza mfumo uhamishie simu zake nyumbani, na kwamba agizo la namna hiyo, likiachwa, linaweza kuzunguka na kurudi lilikotoka. Maelezo hayo yanatosha kwa mlio. Kwa pumzi pia yanaweza kutosha, kwa kuwa laini iliyo wazi humrudishia msikilizaji pumzi yake mwenyewe. Kwa harufu hayatoshi. Adrien naye aliisikia harufu hiyo, ingawa amekiri kwamba aliisikia baada ya kuambiwa.

Madereva wawili walidai kwamba, wakiwa kwenye foleni, muziki ulikatika na mwanamke akawauliza ni nani aliyekalia kiti chake. Ushahidi huo hauna uzito. Madereva hao hunywa pamoja, na kila mmoja alisimulia kwa maneno ya mwenzake.

Rekodi ni jambo jingine. Mteja mmoja alilalamika kwamba alidanganywa kuhusu lori lake, na Adrien akafungua rekodi ya mazungumzo ili aamue. Sauti ya mteja ilikuwa ya mteja. Aliyemjibu, akimweleza kwamba mvua imekata barabara, alikuwa Reine: kikohozi chake kifupi kabla ya kusema, na namna yake ya kuvuta neno la mwisho. Ni kweli kwamba mfumo hubana sauti na kuzifananisha. Lakini mvua hiyo ilinyesha Reine akiwa ameshazikwa, na Adrien alikuwa amesimama karibu na Jaël siku hiyo, akimsikia akijibu kwa sauti yake mwenyewe.

Adrien hakumwambia Jaël. Aliyemwambia, bila kujua, ni mume wa Jaël, Exaucé, aliyepiga simu ofisini mchana mmoja na kubonyeza namba ya mapokezi.

“Allô, nipatie Jaël.”

“Njo minye, Jaël.”

“Mama, tafazali. Nataka bibi yangu.”

“Exaucé, ni minye. Unacheza na nini?”

Exaucé akasema kwa adabu, kama mtu anavyosema na mkubwa asiyemfahamu: “Kama ametoka njee, mama, mumuambie bwana yake alipiga.” Akakata.

Kuanzia siku hiyo sauti ya Jaël ilianza kukauka. Nyumbani alinong’ona, baadaye akawa anaonyesha kwa mikono, ilhali ofisini, mara tu akigusa simu, maneno yalitoka safi, na hayakuwa yake. Kupoteza kazi hakukuwa tena jambo la kuhofia. Swali lilikuwa kama mwanamke aliyekubali jina la maiti angebaki na chochote cha kujiitia.

Kisha ikaja alasiri ya dhoruba. Umeme ulikatika mji mzima. Simu za mfumo ule hupata umeme kupitia waya wa mtandao, na betri ya akiba Adrien alikuwa ameiazimisha kanisani kwake kwa ajili ya maombi. Mchungaji anathibitisha kwamba siku hiyo ilikuwa bado iko kwake. Hata hivyo, katika chumba kilichotiwa giza na mawingu, simu ya mapokezi iliwaka na kulia, ikalia bila kukoma huku mvua ikipiga mabati na ile harufu ikipanda kutoka chini ya meza kama maji yanavyopanda kisimani, hata Jaël, asiyetaka kuigusa, akaona mkono wake ukienda wenyewe na kubonyeza kipaza sauti, na humo ikatoka, mbele ya Adrien, sauti changa iliyojaa hofu, ambayo wote wawili waliijua kwa sababu ilikuwa sauti ya Jaël mwenyewe, ikisema:

“Allô. Ni Jaël. Na weye uko nani?”

Jaël alifungua kinywa ataje jina lake. Adrien anaapa kwamba alimwona akilitafuta, midomo ikikunjika, machozi yakimtoka. Kilichotoka ni kikohozi kifupi, kisha: “Reine.”

Adrien alitoka mbio kwenye mvua hadi mtaa wa Shituru, kwenye nyumba za kampuni ya madini, kwa Mama Mwadi, mama yake Reine. Alipomaliza kueleza, Mama Mwadi aliuliza:

“Mulipatia muntu jina ya mutoto wangu bila kuniita?”

“Mama, ilikuwa mambo ya kazi tu.”

“Minye pasteur alinikataza kupianisha. Alisema ni mambo ya shetani, nikamusikia. Halafu weye ukaya kumupianisha ku telefone.” Akajifunga kitenge. “Chef muzima.”

Asubuhi Mama Mwadi alifika ofisini na Glody, mdogo wake Reine, pamoja na mkeka, udongo mweupe na bakuli la maji. Umeme ulikuwa umerudi. Glody aliketi kwenye mkeka akapakwa udongo kwenye paji la uso. Jaël alikuwa kitini, mdomo umefungwa kwa kitambaa kwa ombi lake mwenyewe. Simu ilipolia, ikionyesha 104, Mama Mwadi alikifungua kitambaa, akabonyeza kipaza sauti na kusema polepole:

“Reine, mutoto wangu. Kiti hii haiko ya kwetu. Muntu wako njo huyu, wa tumbo yangu. Kuya huku.”

“Ndiyo, mama,” mdomo wa Jaël ulijibu.

Na kwenye simu, wakati huo huo, sauti ya Jaël ilisema: “Mama, hapana. Haiko minye.”

Mama Mwadi anasema pepo hudanganya anapofukuzwa, na kwamba hakutaka kumpa nafasi. Alimpa Glody bakuli, Glody akanywa. Laini ilikatika. Jaël alikohoa kwa muda mrefu, kisha akasema, kwa sauti yake yote: “Niko na kiu.” Walilia kwa furaha, na Hervé akaifuta akaunti ya 104 pamoja na kila kilichokuwa ndani yake, rekodi zote zikiwemo. Kwa mwenye kutafuta ukweli, hilo lilikuwa kosa lisilorekebishika.

Juma lililofuata, jua likizama, mtu aligonga mlango wa Exaucé. Yeye na mkewe walikuwa wakila.

“Exaucé, fungula.”

“Uko nani?”

“Kabwe, fungula. Baliniacha kule.”

Sauti ilikuwa ya Glody, binti ambaye Exaucé hakuwahi kuzungumza naye. Kabwe ni jina ambalo mkewe peke yake humwitia, tena wakiwa wawili.

“Usifungule,” mkewe alisema bila kuacha kula. “Ni ule mutoto wa Mama Mwadi. Matanga imemuaribu akili.”

Maelezo ya kawaida yapo. Jaël anasema aliwahi kumwita mumewe Kabwe kwenye simu ya ofisi; kama ni hivyo, jina hilo lilirekodiwa, na Adrien anakiri kwamba alimsikilizisha Mama Mwadi na Glody baadhi ya rekodi siku ya mkeka, kabla hazijafutwa. Msichana mwenye msiba, aliyebebeshwa roho ya dada yake, angeweza kulishika na kuliamini. Exaucé, kwa upande wake, hakumbuki kuitwa hivyo kwenye simu hata mara moja. Anachokumbuka ni kwamba tangu mkewe aliporudi kutoka ofisini siku ile, akiwa mzima, akiongea na kucheka, hajamwita Kabwe tena. Kwa kulifikiri hilo alisimama, akaenda mlangoni, akaweka mkono kwenye komeo, akasimama hapo, mmoja akilia nje na mwingine nyuma yake akimwambia chakula kinapoa.

Rekodi hazipo, na mashahidi wameshasema yote waliyo nayo. Wewe uliyesikiliza, pima mwenyewe: ni nani aliyemjibu Mama Mwadi, ni nani aliyekataa, na kama mkono ule ungekuwa wako, ungelivuta komeo?