Mtamba Asiyeugua

Mama Maziwa alikuwa wa kwanza kuamka nyumbani kwake, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kukamua. Alinawa mikono, akaosha kiwele kwa maji ya vuguvugu, akakikausha kwa kitambaa safi. Wateja walikuja na chupa zao kabla ya kwenda kazini. Mumewe alikuwa seremala, na watu walimwita Fundi. Karakana yake ilikuwa upande wa pili wa ua.

Bandani mlikuwa na wanyama watatu. Bibi alikuwa ng'ombe mkongwe, mpole, mwenye maziwa mengi. Kahawia alikuwa mgeni. Walimnunua wiki mbili tu zilizopita. Wa tatu alikuwa Doa, mtamba wa miaka miwili, jike ambaye bado hajazaa. Mama yake Doa alinunuliwa akiwa na mimba, akafa siku ya kuzaa. Mama Maziwa akamlea ndama yule kwa chupa. Doa alidumaa. Ukimwona ungedhani ana mwaka mmoja. Lakini hakuwahi kuugua hata siku moja, na kila akimwona Mama Maziwa alimfuata na kumlamba mkono.

"Huyu si ng'ombe," Fundi alizoea kusema. "Huyu ni mwanao wa tano."

Asubuhi hiyo Kahawia alikataa kula. Kamasi zilimtoka puani, na kinyesi chake kilikuwa maji matupu. Mama Maziwa alipomkamua, maziwa hayakufika nusu ya ndoo.

Mama Maziwa aliweka ndoo chini. Ugonjwa huu aliujua. Doa alipokuwa na wiki chache, Bibi aliugua hivihivi, na mimba yake ikaharibika. Mwaka jana walinunua ng'ombe mwingine mwenye mimba. Hata mwezi haukuisha. Naye aliharisha, akapoteza ndama, wakamuuza.

"Ni majani ya Redio," alisema Fundi.

Redio alikuwa jirani yao. Waliitwa hivyo yeye na baba yake, maana wote wawili hawakujua kunyamaza. Ndiye aliyewauzia majani makavu ya ng'ombe. Fundi alimwita kwenye uzio.

"Jirani, majani yako yameoza. Unatuulia ng'ombe."

"Hayohayo ndiyo ninayowalisha ng'ombe wangu."

"Basi ng'ombe wako wana matumbo ya chuma."

Siku hiyo Redio alinyamaza. Aligeuka akaenda zake, na tangu hapo hawakusalimiana tena.

Mama Maziwa hakuridhika. Bibi alikula majani hayohayo, mbona yeye mzima? Akafunga kitambaa kichwani, akaenda ofisi ya mifugo.

Daktari wa mifugo alikuwa dada mmoja mwenye buti za mpira na maneno machache. Alikuja siku ileile. Alipima joto la Kahawia, akauliza nani aliugua lini, na nani aliingia bandani lini. Kisha akakata kipande kidogo cha sikio la kila mnyama, kama kipande cha ukucha, akakitia kwenye kichupa.

"Doa wa nini?" aliuliza Mama Maziwa. "Yeye haumwi."

"Ndiyo maana nataka kumpima," alisema Daktari.

Baada ya siku chache alirudi na majibu. Bibi hakuwa na kitu. Kahawia na Doa walikuwa na kirusi.

"Mama, kirusi hiki kina aina mbili," alieleza. "Aina ya kwanza huua chembe hai za mwili inamoingia. Hiyo haiwezi kujificha. Aina ya pili haiui chembe. Ikimpata ng'ombe mkubwa, anaumwa, anaharisha, halafu mwili unaifukuza. Anapona. Bibi aliugua akapona, ndiyo maana sasa ana kinga."

"Kwa hiyo aina ya pili ndiyo afadhali," alisema Fundi.

"Inategemea imeingia wapi. Ikimkuta ndama akiwa tumboni, miezi minne ya mwanzo, mwili wake bado haujajua nani ni wake na nani ni mgeni. Unakipokea kirusi kama mtu wa nyumbani. Ndama huyo akizaliwa hai, atakaa nacho maisha yake yote. Huenda asionyeshe ugonjwa wowote. Lakini mate, kamasi, mkojo na kinyesi chake vinaambukiza wenzake kila siku."

Mama Maziwa alimtazama Doa. Doa alikuwa anatafuna kimya.

"Unasema ni yeye?"

"Bado sijasema. Wote wawili wana kirusi leo. Tutawapima tena baada ya wiki tatu. Kirusi cha kupita kitakuwa kimepita. Cha kukaa kitakuwa bado kipo."

"Na sisi watu? Watoto wanakunywa maziwa."

"Hakimshiki binadamu. Chemsheni maziwa kama kawaida."

Wiki tatu zile zilikuwa ndefu. Kahawia alipata nafuu, akaanza kula, na maziwa yakarudi. Mama Maziwa alimwombea Doa kama anavyoombea watoto wake. Majibu yalipokuja, Kahawia alikuwa safi. Doa alikuwa na kirusi vilevile.

"Hakuna dawa?" aliuliza.

"Hakuna. Na iko hatari nyingine. Kirusi kilichomo ndani yake kinaweza kubadilika, kikawa ile aina ya kuua chembe. Ikitokea hivyo, atakufa kwa mateso. Aende machinjioni moja kwa moja. Nyama yake haina madhara. Ila asiuzwe kwa mfugaji."

Kesho yake mnunuzi wa ng'ombe alipita. Alimpenda Doa kwa upole wake. Alitaka akamfuge shambani kwake, pamoja na ng'ombe kumi wenye mimba. Fundi alimtazama mkewe.

"Angalau ataishi," alisema kwa sauti ya chini.

Mama Maziwa akamgeukia mnunuzi.

"Huyu hauzwi kufugwa. Ana ugonjwa usioonekana. Ukimpeleka kwako, utalia kama nilivyolia mimi."

Mnunuzi alishukuru, akaondoka. Alasiri Mama Maziwa alimpeleka Doa machinjioni mwenyewe, akimshika kamba. Aliporudi alikuwa na macho mekundu, lakini hakukaa. Yeye na Fundi walikwangua sakafu ya banda, wakaisugua kwa sabuni na dawa, wakaiacha ikauke juani. Daktari akawachanja Bibi na Kahawia, wiki chache kabla ya kupandishwa ili wapate mimba.

Fundi alikuwa na kazi moja zaidi. Alikwenda kwa Redio, akabisha hodi.

"Jirani, majani yako hayakuwa na kosa. Nilikusema vibaya. Nisamehe."

"Nilikuwa nakungoja," alisema Redio. "Ingia. Nieleze huo ugonjwa, na mimi nikapime wangu."

Mwaka uliofuata Kahawia alizaa jike. Daktari alikata kipande cha sikio, na nyumba nzima ikangoja. Aliporudi, Mama Maziwa alimwona akitabasamu tangu getini.

"Safi, mama. Hana kirusi."

Mama Maziwa alikaa chini palepale kwenye majani, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Miezi miwili baadaye Bibi naye alizaa, na ndama wake akawa safi vilevile.

Siku hizi, anayenunua ng'ombe mtaani huja kwanza kumwona Mama Maziwa. Naye humweleza: mtenge mgeni, mpime kabla hujamchanganya na wengine, na akiwa na mimba, mpime na ndama atakapozaliwa. Chanja kabla ya kupandisha. Usimpime mgonjwa peke yake. Mpime na yule mzima.

Mwaka wa kwanza wa kufanya hivyo, katika mabanda yote ya mtaa ule, hakuna mimba hata moja iliyoharibika. Ndama saba walizaliwa, na wote saba walisimama wakanyonya.